Mistari Miwili ya Masale

Kwa miezi kadhaa baada ya mimi kuanguka, mpaka kati ya shamba letu na la jirani ulikuwa na mistari miwili ya masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani. Mmoja ulipita pale ambapo mimi siku zote nimesema ndipo mpaka ulipo. Wa pili ulipita hatua mbili ndani ya shamba letu, pale anaposema yeye. Katikati palikuwa na kipande chembamba cha ardhi kisicho cha mtu, chenye ukungu na majani ya magimbi, na asubuhi nilikuwa nasimama mlangoni na kikombe cha chai nikikitazama. Niliona ni kizuri kuliko shamba letu lote. Nilijua hakipo. Nikifumba jicho moja kilikuwa kinaondoka, nikifumbua kinarudi taratibu, kama mtu aliyekuwa ametoka kidogo tu.

Nitajaribu kuandika jinsi mambo yalivyokuwa. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kichwa cha wakati ule hakikuwa cha kutegemewa, kwa hiyo pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika.

Kuanguka kwenyewe hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Nilikuwa nakata mkungu wa mshale, ndizi zetu za kupika, nyuma ya nyumba. Mgomba unakatwa kidogo katikati ya shina ili uiname polepole, nawe unaupokea mkungu mikononi. Mimi siku hiyo nilikata kwa nguvu kama mtu anayepasua kuni. Ulikuja wote kwa mara moja, shina limejaa maji, na mimi chini yake, na kichwa changu kikaenda kwenye jiwe la ukingo wa mfereji. Hilo nimeambiwa. Ninachokumbuka mwenyewe ni maji yanapita karibu sana na sikio, yanasema jambo refu lisilo na haraka, na mbingu vipande vipande katikati ya majani. Sikuumwa wala sikuogopa. Mzee wangu, baba wa watoto wangu, anasema aliponikuta nilimwomba asizibe maji.

Hospitali walipiga picha ya kichwa wakaona hakuna damu ndani. Wakasema ni mtikisiko wa ubongo, nikapumzike. Nilipumzika. Kichwa kikaendelea kuuma, mwanga wa bati la jirani ukawa unanichoma, na nikisimama sokoni ardhi inakuwa kama godoro. Daktari wa macho alinisomesha herufi za ukutani, moja moja, nikazisoma zote mpaka zile ndogo za chini. "Macho yako ni mazima, mama," alisema. Sikumwona mwongo, na leo simwoni mwongo. Kwa kile alichokipima, yalikuwa mazima.

Sasa niseme habari ya mfereji, maana ndipo kosa lilipo.

Maji yetu yanatoka kijito cha juu, karibu na msitu wa Meru, yanaingia kwenye banio, kizuizi kinachoyaelekeza mferejini, halafu yanashuka kwa mfereji kupita nyumba thelathini na kitu. Zamani kila nyumba ilikuwa na siku yake na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Maji yalipopungua, zamu zikawa zinapangwa upya kila wiki kufuatana na yaliyopo. Mwenyekiti anapanga na wazee, katibu anaandika kwenye kaunta buku, na Jumapili baada ya ibada watu wanasimama penye mgawanyo wa maji, karibu na mashine ya kusaga, katibu anasoma kwa sauti. Katibu ni mimi. Nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko, si kwa akili nyingine. Ila nakiri kwamba kusimama pale na lile buku, watu wazima wamenyamaza, wakingoja nitamke siku yao, kulinifanya nijione mtu. Nyumbani nina sufuria, kuku na migomba. Pale nilikuwa na neno.

Jumapili ya tatu baada ya kuanguka nikarudi kusoma. Mwenyekiti alikuwa ameniuliza, "Mama katibu, utaweza?" Nikamwambia daktari amesema macho ni mazima. Ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa nimeshaona nyumbani kwamba mistari ya buku inapumua. Ilikuwa inapanda na kushuka kidogo kidogo, kama shuka juu ya mtoto aliyelala, na maneno ya kushoto yalikuwa hayataki kukaa sambamba na ya kulia. Nikaweka rula. Nikasoma. Watu wakasema pole na karibu tena, nikarudi nyumbani nimechoka kama nimelima ekari.

Wiki ile, Alhamisi asubuhi, nyumba mbili zilifungua maji kwa wakati mmoja: nyumba ya mwalimu wa kwaya na nyumba ya jirani yetu huyu wa masale. Mwalimu hakuwepo Jumapili, alikuwa amesafiri na kwaya, na aliponipigia simu nilimsomea mstari wake peke yake: Alhamisi, asubuhi. Jirani naye alisema kwamba nimemsomea Alhamisi, na kabla ya hapo Jumatano.

"Mara mbili?" mwenyekiti akamwuliza. "Kwani wewe mzee una mashamba mangapi?"

Watu wakacheka. Jirani hakucheka. Ni mzee mrefu, mkavu, wa kusema maneno machache, na kusoma hajui. "Nimesomewa," alisema. "Mwulizeni katibu."

Nikafungua buku, nikaweka rula chini ya mstari mmoja tu. Jumatano mchana ilikuwa yake. Alhamisi ilikuwa ya mwalimu. Nikasema, "Buku linasema Jumatano peke yake."

"Sikuuliza buku," alisema. "Nimekuuliza wewe."

Nikajibu kwamba nilisoma kama ilivyoandikwa. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Wengine walipoulizwa kama walisikia akisomewa mara mbili, hakuna aliyejua, kwa sababu pale kila mtu anasikiliza zamu yake, ya mwenzake inampita tu. Basi akapewa adhabu ya anayeiba maji: siku tatu za kusafisha tope kwenye banio, peke yake.

Siku tatu nilimwona akipanda asubuhi na jembe na gambuti, na mara tatu nilimwamkia, "Shikamoo, baba," naye akaitikia, "Marahaba," bila kusimama. Pale mashineni mama mmoja alimwona anapita akasema kwa sauti, "Jamani, funikeni ndoo zenu." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka sana. Lakini nilicheka.

Na niongeze jambo ambalo ningependa kuliacha. Simpendi yule mzee, au wakati ule sikumpenda. Miaka mingi nimesema alisogeza masale yake hatua mbili kuja kwetu. Kwa hiyo aliposhindwa mbele ya watu, mahali fulani ndani yangu palipoa.

Aliyenipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya macho ni nesi wa zahanati yetu, aliyeniona nikitia uzi kwenye sindano na kuutia pembeni, hewani, mara nne. Akasema yupo dada mmoja mjini anayefundisha macho kufanya kazi pamoja tena baada ya kichwa kugongwa. Nilidhani ananitania. Macho yafundishwe nini, yana miaka hamsini na mbili kazini.

Chumba chake kiko ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake nilizipanda nikiushika ukuta. Ni kijana wa kike mwenye ushungi, familia yake ni ya mjini hapa tangu mababu walipotoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka mimi nilikuwa naona haya kufungua mdomo. "Shikamoo, mama. Karibu, keti. Usiangalie dirishani kwanza, utapata kizunguzungu." Nikaangalia dirishani. Palikuwa na Meru mbili juu ya mabati ya mji, moja imara na moja nyepesi, zimesimama bega kwa bega kama mtu na kivuli chake wanaopigwa picha.

Hakunisomesha herufi za ukutani. Alinisogezea kalamu taratibu kuelekea puani, akatazama macho yangu badala ya kuniuliza naona nini. Alirudia mara nyingi. Halafu akasema, "Mama, umewahi kuona watu wawili wamebeba mkungu mkubwa kwenye mti, mmoja mbele mmoja nyuma?"

"Kila siku."

"Wote wana nguvu. Lakini wasipokwenda hatua moja, mkungu unayumba. Macho yako kila moja lina nguvu zake. Ile ajali imeyasahaulisha hatua. Kitu kikiwa karibu, moja linakuja, lingine linachelewa njiani."

"Yatakumbuka?"

"Wengi hupata nafuu. Sikuahidi. Kazi ni yako nyumbani, kila siku, na ukifanya kwa hasira yatakataa."

Akanipa uzi mweupe mrefu kama urefu wa mtu aliyelala, wenye shanga tatu kubwa: nyekundu, njano, kijani. Alisema shanga alizinunua kwa akina mama wa Kimasai kando ya soko, maana zile za kuagizwa zinachelewa. Ncha moja unaifunga mahali, nyingine unaishika kwenye ncha ya pua. Unatazama shanga moja. Ukiitazama vizuri, kwa macho yote mawili, shanga hiyo inakuwa moja, lakini uzi unaonekana nyuzi mbili zinazokutana pale pale kwenye shanga na kupishana, na shanga nyingine zote zinaonekana mbilimbili.

Nikamwambia, "Kumbe bado naona mbilimbili hata nikifanya vizuri?"

Akacheka. "Kila mtu anaona hivyo, mama, hata mimi. Kile unachokitazama ndicho kinakuwa kimoja. Vingine vyote ni viwili, ila ubongo wenye afya hautuambii."

Hilo lilinikaa. Nilirudi nyumbani nalo, nimefumba macho ndani ya gari njia yote mpaka karibu na Usa River, nikifikiri habari ya dunia nzima iliyo mbilimbili pembeni, na sisi tunakwenda zetu bila kuambiwa.

Nyumbani kitasa cha mlango wetu kimelegea, kwa hiyo uzi tuliufunga kwenye kifungo cha shati la mzee wangu. Alikaa kwenye stuli, mimi kwenye kiti, uzi katikati yetu umenyooka. Alasiri ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani, migomba inakuwa ya kijivu, na mimi nilikuwa natazama shanga nyekundu, halafu ya njano, halafu ya kijani, halafu narudi. Siku za mwanzo uzi ulikuwa mmoja tu, maana yake jicho moja limekataa kazi kabisa. Halafu zikaja nyuzi mbili lakini zikapishana nyuma ya shanga, mbali, karibu na tumbo la mzee wangu.

"Unaniona wangapi?" aliuliza.

"Wawili."

"Basi mmoja aende shambani, mwingine abaki anywe chai."

"Wote wavivu, baba watoto. Kaa vizuri."

Nilikuwa natapika siku nyingine. Siku nyingine nililia, si kwa uchungu, macho yenyewe tu. Na zipo alasiri ambazo nilipotea katika ule uzi kabisa. Sauti ya mfereji ilikuwa inaingia, shanga ya njano inaelea bila kushikwa na kitu, na mzee wangu kule mwisho anasinzia na kifungo chake kinavutika kila akipumua. Nisiposema kwamba nilizipenda zile alasiri nitakuwa nimedanganya. Katika miaka thelathini ya ndoa hatukuwahi kukaa tukitazamana nusu saa kwa kazi isiyo na faida ya kuonekana.

Safari ya tatu mjini, yule dada alinipa karatasi yenye safu za tarakimu, akaweka simu yake mezani kunirekodi, akaniambia nisome kwa sauti. Nilisoma. Nilijiona nimesoma vizuri, hata nikatazamia sifa. Akanirudishia sauti, huku kidole chake kikifuata kwenye karatasi.

"Mstari wa nne uko wapi, mama?"

Haukuwepo. Kutoka wa tatu nilikwenda wa tano. Mbele kidogo nilisoma mstari mmoja mara mbili. Lakini lililoniuma si makosa. Ni ile sauti. Haikusita. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua, nzito kidogo, ile ile ninayoitumia penye mgawanyo wa maji siku ya Jumapili.

Nikamwomba aizime.

Nadhani alifikiri nimekata tamaa ya mazoezi, kwa sababu alianza kunitia moyo. Nikamweleza habari ya buku, safu ya siku kushoto, safu ya nyumba kulia, na nafasi pana katikati. Nikamweleza habari ya mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nilete buku safari ijayo.

Nililipeleka nimelifunga kwenye kitenge. Nikasoma ukurasa wa ile wiki mara tano, simu ikirekodi. Katika mara tano niliruka mara mbili: jicho lilitoka kwenye siku, likavuka ile nafasi nyeupe, likatua kwenye nyumba ya mstari wa juu. Lakini si Jumatano na Alhamisi. Mara zote mbili ilikuwa sehemu nyingine ya ukurasa.

"Kwa hiyo sikumsomea vibaya?" nikauliza. Nilisikia tumaini katika sauti yangu, na sikulipenda.

"Mama, mimi siwezi kusema ulisoma nini siku ile," alijibu. "Naweza kusema tu kwamba ungeweza kukosea bila kujua. Na wakati ule macho yalikuwa na hali mbaya kuliko leo."

Ningeweza kuishia hapo. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, hata mimi. Wiki nzima nilifanya zoezi vibaya, shanga zote zikakataa kuungana. Mzee wangu akafungua uzi kwenye shati lake akasema, "Leo unatazama kitu kingine." Nikamwambia. Akauzungusha uzi kidoleni, akasema, "Ukisema, buku watalichukua." Nikamwambia najua. "Na ukinyamaza?" Nikamwambia hapo ndipo sijui. Kilichokuwa kinanisumbua kuliko chote sikumwambia hata yeye: huenda jicho liliteleza kwa sababu ya ajali, na huenda liliteleza kwa sababu ya masale, na hakuna simu ya kurekodi inayoweza kutenganisha hayo mawili.

Mimi nimezaliwa upande wa Kilimanjaro, nimeolewa huku. Kwetu, na hapa pia wanafahamu, masale si mpaka tu. Ukimkosea mtu unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea kuomba msamaha, na ni vigumu sana mtu kulikataa. Sasa isale la karibu lilikuwa pale pale mpakani. Asubuhi nilikwenda na kisu. Nilikuwa sijalala vizuri, na macho yakichoka yalikuwa yanarudia yale ya zamani, kwa hiyo mistari ilikuwa miwili. Nikanyoosha mkono kwenye mstari ninaosema ndio wa kweli, nikashika hewa. Nikanyoosha kwenye ule wa kwake, hewa vilevile. Nikapapasa kama kipofu mpaka nikagusa majani. Yalikuwa katikati. Sisemi kwamba hilo lina maana yoyote kuhusu shamba. Ndivyo macho yalivyokuwa siku hiyo.

Nilimkuta ameketi nje, anamenya ndizi, maganda anawatupia mbuzi wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaliona jani. Hakulipokea, hakulikataa. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kwa ile Alhamisi." Nikamweleza yote, kichwa, mistari, sauti kwenye simu, na kwamba sina uhakika. Nilirudia mara tatu kwamba sina uhakika, mpaka akainua kisu kuninyamazisha.

"Mimi ninao," alisema. "Ulinisomea mara mbili. Nilijua umenifanyia makusudi, ili niaibike."

"Si makusudi."

"Lakini unanichukia."

Nikafikiri nimjibu nini. "Nilikuwa nakuchukia," nikasema. "Ila kwa ajili ya masale. Si kwa maji."

Akatoa sauti kavu, na ilinichukua muda kuelewa kuwa anacheka. "Na mimi niseme langu," alisema. "Niliposikia mara mbili, nilijua kuna kosa. Hakuna mtu anayepata mara mbili mwaka huu. Nikanyamaza. Maharage yangu yalikuwa yanakufa." Akaendelea kumenya. "Kwa hiyo siku moja ya tope ilikuwa haki yangu. Mbili ni zako."

"Nitakwenda kuzifanya."

"Na hicho kichwa? Utaanguka ndani ya banio, tukunywe kwenye maji. Hapana. Jani lako rudi nalo. Hapa mlangoni kwangu hakuna aliyeniita mwizi. Lilete pale waliponiita."

Jumapili ile nilisimama penye mgawanyo na buku halikufunguliwa. Nilimwomba mwenyekiti ruhusa, nikasema. Nilikuwa nimemwomba yule dada anitumie ile sauti, nikaiweka kwenye simu ya mzee wangu, tukawasikilizisha watu, na mwalimu wa kwaya akashika karatasi ya tarakimu kufuatisha. Alipofika pale niliporuka alisema, "Hapa karuka," halafu, "Hapa karudia." Mwanzoni watu walicheka. Kisha hawakucheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anahesabu moyoni zamu zake za miezi ile. Yule mama wa ndoo alitazama chini. Nikaenda mbele ya yule mzee jirani nikampa jani kwa mikono miwili. Akalipokea, akalichomeka kwenye mfuko wa koti lake la ibada, kama kalamu.

"Huyu si mwizi wa maji," mwenyekiti alisema kwa watu wote. "Tulikosea sisi."

"Na mimi kidogo," mzee alisema. Nilimshukuru kwa lile kidogo. Hakuhitaji kulisema.

Nikalitoa buku. Mwenyekiti akalipokea, na mikono yangu ikabaki haina kazi. Lilikaa kwake miezi miwili na nusu. Jumapili hizo nilisimama katikati ya watu, nikisikiliza zamu yangu tu, na za wenzangu zikanipita kama zinavyowapita wote.

Alasiri niliendelea na uzi. Siku moja, bila tangazo lolote, nyuzi mbili zilikutana juu ya shanga nyekundu, karibu kabisa na pua, zikatulia hapo. Nilipumua polepole nisizitishe. Nikahamia njano, zikahamia. Kijani, zikahamia. Mzee wangu alikuwa amelala. Sikumwamsha, nilikwenda na kurudi juu ya ule uzi mpaka giza likaanza kuingia kwenye migomba. Mjini yule dada alinisomesha tena tarakimu akarekodi, akafuatisha kwa kidole, akafika chini bila kusimama. Alisema nikichoka sana yanaweza kurudi kuteleza, nisijivune. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Buku walinirudishia kwa sharti, na sharti alilitoa mzee yule yule: katibu akisoma zamu, mwenye zamu airudie kwa mdomo wake, watu wote wasikie. Sasa Jumapili zetu ni ndefu. Nasoma, na sauti moja moja inajibu kutoka kwenye umati, Jumatatu asubuhi, Jumatatu mchana, na nikifika kwake anaitikia kwa nguvu, "Jumatano! Si Alhamisi!" na watu wanacheka kila wiki kama ni jambo jipya.

Siku zake mbili za tope nilimlipa kwa maji. Zamu yangu ya Ijumaa, mwaka ule wa ukame, nilimwandikia yeye. Asubuhi ile nilikwenda mwenyewe penye kizibo chetu, nikaondoa vipande vya mgomba na udongo upande wake, nikaziba wetu. Maji yalisita kidogo, yakapata njia, yakaingia chini ya masale kwenda kwenye maharage yake. Yeye alikuwa ng'ambo na jembe, anayaongoza.

Nilitazama maji karibu na miguu yangu, na kule pembeni masale yakawa mistari miwili, ilivyo kawaida kwa kila mtu. Halafu nikainua macho nikayatazama yenyewe. Yalikuwa mstari mmoja, umepindapinda, mahali pengine kwetu, mahali pengine kwake.

"Yanatosha?" nikamwuliza.

"Acha kidogo tena," alisema.

Nikaacha.